Mwanafunzi Mmoja, Kazi Moja

19 Agosti, Jumatatu

Leo ni siku ya kufunga nyuzi na wavulana wa chuo wamejificha. Kila mwaka ni hivyo hivyo. Msichana akimfunga mvulana uzi mkononi siku hii, basi amekuwa kaka yake na habari nyingine zote zimekwisha, kwa hiyo wale wenye ndoto zao darasani huamka na homa. Krupali, mwenzangu wa chumba hapa bwenini, amezunguka na nyuzi mkobani akiwatishia watu. Mmoja wa safu ya nyuma amejifungia msalani mpaka kipindi kikaisha.

Maulik hakukimbia. Huu ni mwaka wa tatu namfunga. Mimi ni mtoto pekee, baba yuko Muscat anaendesha kreni na kuja kwake ni kwa kubahatisha, na yeye Maulik hana dada. Mwaka wa kwanza alinikuta nimekaa peke yangu siku kama ya leo, akanyoosha mkono akasema, "Nifunge mimi, mkono wangu uko bure." Tangu hapo ni kaka yangu, na mama yangu kule kijijini humwita mwanangu bila kusita. Akija kwetu hupewa kiti chenye mto. Mimi hukaa chini.

Nimemtia doa jekundu kwenye paji la uso, nimemfunga uzi wa kijani, nimemlisha kashata ya maziwa. Amenipa saa ya ukutani yenye picha ya kuku, sijui aliitoa wapi. Akasema yale ya kila mwaka, kwamba shida yangu ni shida yake. Nikamjibu kwamba shida yangu kwa sasa ni takwimu, aichukue yote.

21 Agosti, Jumatano

Profesa wa menejimenti ametutaka tuandike siku yetu moja ya kawaida, tuone muda unavuja wapi. Hapa naandika ukweli. Kwake nitapeleka uongo wenye mpangilio.

Naamshwa na kengele ya hekalu la ng'ambo ya barabara, narudi kulala, naamshwa na Krupali. Foleni ya bafu. Chai, na chapati kavu za viungo ambazo mama hunijazia kwenye bati kila ninapokwenda nyumbani. Kipindi cha uhasibu wa gharama, ambapo mwalimu anatusomea kitabu tulicho nacho mikononi. Kipindi cha masoko, ambapo hatufundishwi kuuza kitu chochote kinacholiwa. Mchana kantini, wali na kadhi, ule mchuzi wa mtindi, na ubishi kuhusu nani ataajiriwa wapi. Maktaba, ambako nalala. Kisha kazi ya kikundi, yenye majina matano na wafanyakazi wawili, mimi na Maulik. Yeye anatengeneza slaidi nzuri kuliko mtu yeyote chuoni na mimi natafuta cha kuweka ndani yake. Jioni mama anapiga simu akitoka kituoni kupeleka maziwa, ananieleza nyati gani kagoma kukamuliwa na mafuta ya maziwa yamesoma ngapi kwenye mashine ya kupimia.

Hapo ndipo muda wangu unapovuja, kwenye kuwaza. Mwaka wa mwisho ni mwaka wa makampuni kuja chuoni kuchukua watu. Wengine wanataka benki, wengine wanataka Mumbai. Mimi nataka kampuni ya maziwa ya wilaya yetu, ile ambayo mama amepeleka maziwa tangu sijazaliwa. Kila mwaka huchukua mwanafunzi mmoja tu kutoka chuo chetu. Ada yangu yote imetoka kwenye chuchu za nyati wawili, na nimeandika utafiti wangu wa mwisho juu ya vituo vya maziwa vijijini. Nikiipata nitafanya kazi karibu na nyumbani, na mama ataniona nikiingia kituoni na kitambulisho shingoni. Sitaki kingine. Nimeandika na nimejisikia aibu kidogo.

27 Agosti

Mvua haijakatika tangu juzi. Mto Vishwamitri umepanda barabarani. Umeme hakuna. Chumba cha mlinzi kimeingia maji.

30 Agosti, Ijumaa

Naandikia kwao Maulik, ghorofa ya pili, nimevaa gauni la mama yake.

Jumanne usiku maji yaliingia bwenini ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jumatano asubuhi wasichana walikuwa wamejazana juu wakipiga simu zisizoshika. Mimi nilikuwa nimeshika utafiti wangu kwenye mfuko wa nailoni kama mtoto mchanga. Tukamwona mtu anakuja katikati ya barabara, maji yamemfika kifuani, kamba begani. Krupali akasema huyo ni mwendawazimu. Alikuwa Maulik. Katoka kwao mpaka kwetu kwa miguu, na mjini watu wote walijua kwamba mamba wa mtoni wametoka na wanatembea mitaani kama wapangaji.

Alitushusha mimi na Krupali mmoja mmoja kwa kamba, kisha akatangulia akipiga maji mbele yake kwa fimbo. Karibu na makutano tulimwona mamba amelala juu ya bati la banda la kuegeshea pikipiki, anapumzika tu. Maulik akanong'ona, "Msimwangalie, asije akadhani tunamdharau." Nilicheka huku meno yanagongana.

Mama yake ametulisha khichdi, wali wa dengu, asubuhi, mchana na jioni kwa sababu ndicho kilichokuwa ndani, na kila mara ametuomba radhi. Baba yake hali chakula vizuri. Ana duka la vitambaa vya sari sokoni, na maji yamefika kwenye rafu ya juu kabisa. Leo mtandao wa simu umerudi na Maulik amekuwa kwenye roshani muda mrefu akizungumza na watu, maana yeye ni mjumbe wa kamati ya ajira ya wanafunzi na makampuni yanauliza kama chuo bado kipo.

Nimempigia mama nikamwambia niko salama kwa kaka. Mama kalia, kisha akasema akufaaye kwa dhiki ndiye ndugu. Nami nasema hivyo.

2 Septemba

Matope. Saa ya kuku imeokoka.

6 Septemba, Ijumaa

Msimu wa ajira umefunguliwa. Wote tumevaa mashati meupe na tunanuka pasi ya moto. Sheria ametusomea Profesa Vaidya, anayesimamia kamati: mwanafunzi mmoja, kazi moja. Ukipewa kazi una mpaka jioni hiyo hiyo kukubali au kukataa. Ukikubali unatoka kwenye orodha, hata aje nani baadaye. Ukikataa unarudi nyuma ya foleni. Si sheria mbaya, inawaachia wengine nafasi. Lakini lazima ujue nani yuko njiani, na wanaojua ni kamati tu.

Benki imemkataa Maulik. Alitoka akitabasamu, akaniambia walipenda slaidi zake ila walimuuliza jambo lililokuwa nje ya slaidi.

9 Septemba

Wamemkataa tena, kampuni ya matairi. Duka la baba yake halitafunguliwa mwaka huu. Nimemnunulia sev usal, mchuzi wa njegere wenye pilipili nyingi, akala akitoa machozi, tukasema ni pilipili.

11 Septemba, Jumatano

Nimemuuliza Maulik leo kuhusu kampuni ya maziwa, maana yeye ndiye kamati imempa kuwasiliana nayo. Tulikuwa ngazini. Alinishika bega.

"Dada, nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Mwaka huu hawaji."

Nikauliza kama ni hakika. Akasema mafuriko yameharibu viwanda vyao, wamefunga ajira, wamempa jibu wenyewe. Akasema Ijumaa inakuja kampuni ya bima, wanahitaji watu, nisiichezee. "Usije ukangoja embe chini ya mwarobaini," akasema.

Nimelia kidogo maktabani na Krupali akasimama mbele yangu ili watu wasione.

13 Septemba, Ijumaa

Kampuni ya bima imenichukua. Kituo ni Indore, jimbo jingine kabisa, kazi ni kuuza bima kwa wenye maduka kuanzia mwezi wa saba mwakani. Nilikuwa na mpaka jioni. Nilikaa kwenye benchi mbele ya ofisi ya Profesa Vaidya na karatasi magotini, kalamu mkononi. Krupali akasema nisubiri, pengine kuna kitu kingine. Maulik akasema, "Wewe Krupali baba yako ana kiwanda cha vigae, subira unaiweza. Sisi wengine tukiachia tonge halirudi." Ni kweli, nikaona ni kweli.

Nimesaini. Maulik mwenyewe ndiye aliyeipeleka ndani.

14 Septemba

Nimemwambia mama. Akauliza Indore ni mbali kiasi gani. Nikamwambia treni ya usiku kucha. Akasema, "Basi sawa, kazi ni kazi," na akanieleza habari za nyati kwa urefu usio wa kawaida.

22 Septemba

Mvua. Nimejisomea mizania. Yangu hailingani.

4 Oktoba, Ijumaa

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi, ubaoni, kati ya tangazo la ngoma za garba na tangazo la simu iliyopotea, kulikuwa na karatasi: kampuni ya maziwa, nafasi moja, usaili tarehe kumi na tano. Wanaoruhusiwa ni wasio na kazi tu. Nilisoma mpaka nikapoteza maana ya maneno. Watu nyuma yangu walikuwa wananisukuma wakitafuta habari za garba.

Nilikwenda kwa Profesa Vaidya moja kwa moja, sikubisha hodi. Nikamweleza kwamba niliambiwa hawaji. Akavua miwani. Si mtu mbaya. Akasema kamati huficha tarehe mpaka zithibitike, ndiyo desturi, wala hajui nani kaniambia nini. "Binti, nikikutoa kwenye bima, mwakani bima haiji. Wadogo zako watakaokuja nitawaambia nini?" Ndiyo sheria ile ile niliyoiita si mbaya.

Maulik nimemkuta kantini. Alikuwa amekwisha kujiandaa kwa uso wangu. Akasema kampuni imebadili mawazo, wamepiga simu juzi tu, na yeye mwenyewe ameshtuka. Akasema hajalala. Akaegemeza paji la uso mezani. Uzi wangu bado uko mkononi mwake, maji ya mafuriko yameutoa rangi umekuwa kama majani makavu. Hasira yangu yote ikakosa pa kukaa. Nikajikuta mimi ndiye ninayembembeleza.

5 Oktoba

Nimeamua kwamba hakuna mwenye kosa. Mvua ndiyo yenye kosa.

8 Oktoba, Jumanne

Mji mzima unacheza garba, sketi zinazunguka mpaka viwanjani panatifuka vumbi, na vumbi sasa ni neema. Nimecheza jana na juzi. Maulik ameniuliza kwa unyonge kama nitachukia akijaribu nafasi ya maziwa, kwa kuwa hana kazi bado na jina lake liko kwenye orodha. Nikafikiri, nikamwambia ni bora mmoja wetu kuliko mtu baki. Ikiwa kaka yangu ataingia, ni kama nusu yangu imeingia.

Basi nimekaa naye mchana kutwa kumfundisha maziwa. Huyu mtoto wa duka la sari alidhani mafuta ya maziwa huongezwa kiwandani. Nimemweleza kila kitu: kwa nini maziwa ya asubuhi hayafanani na ya jioni, kwa nini akina mama hupanga ndoo zao kwenye foleni wakaenda kupiga soga na hakuna anayeruka zamu, jinsi karani anavyoita namba na si jina. Nikamweleza mama ni namba mia mbili kumi na saba, na kwamba nikiwa mdogo nilidhani ndilo jina lake la shule. Nikamweleza siku mashine iliposema maziwa ya mama yana maji, mama akagoma kuondoka mpaka wakapima upya, kumbe mashine ndiyo ilikuwa mbovu. Maulik aliandika yote. Alisema, "Dada, hii ni dhahabu." Nilifurahi.

10 Oktoba

Tumerudia maswali yote. Amekuwa mzuri. Nampa alama tisini.

12 Oktoba, Jumamosi, sikukuu ya Dussehra

Nimekuja nyumbani kula jalebi, vitamu vya siku hii. Jioni nimekwenda na mama kituoni. Mama alikuwa ndani kwenye foleni, mimi nje na ndoo tupu, akaja Hansaben, bibi shamba wa kampuni anayezungukia vituo kwa skuta yake ya bluu. Ananijua tangu nina mikia miwili ya nywele.

Akaniambia, "Wewe Nirali, mbona ulitukimbia?"

Nikacheka nikidhani ni utani. Nikasema sikukimbia, nyinyi ndio mliobadili mawazo.

"Tulibadili lini? Chuo chenu kilithibitishwa mwezi wa nane, maji yalipoanza kupungua. Nilikuwepo ofisini simu ikipigwa, nami nikakutaja kwa jina lako. Nikasema pale yupo mtoto wa mwanachama wetu, mwaka wa mwisho, mleteni. Yule kijana wa kamati yenu akasema ameshapata kazi ya bima, ameshasaini, hana haja na sisi."

Nikamuuliza kama ana hakika ni mwezi wa nane. Akasema ilikuwa Ijumaa ile umeme uliporudi, hawezi kusahau, walikuwa wanamwaga maziwa yaliyoharibika.

Ijumaa ile. Mwezi wa nane sikuwa nimeisikia hata harufu ya bima. Ijumaa ile nilikuwa nimevaa gauni la mama yake, nakula khichdi ya mama yake, naye yuko kwenye roshani, mlango wa kioo kati yetu. Alinipungia mkono. Nakumbuka kwamba alinipungia mkono.

Hansaben akauliza kuna nini. Nikasema hakuna. Ningemwambia nini? Kumweleza mtu wa nje kwamba kaka yako amekuuza ni kujivua nguo sokoni. Na hata ningesema, yeye si wa kuajiri, na sahihi yangu iko Indore. Mama akatoka na kikaratasi chake, mafuta yamesoma vizuri, akanipa nibebe ndoo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeisikia tangu utotoni nikidhani ni habari ya chawa. Huyu alinitoa kwenye maji yenye mamba, na siku mbili baadaye akanirudisha majini kwa simu. Sijui ni yupi kati ya hao wawili niliyemfunga uzi. Mama sijamwambia. Diwali iko karibu, na ameshamnunulia Maulik shati.

13 Oktoba

Sikula.

15 Oktoba, Jumanne

Usaili umefanyika. Sikutoka bwenini. Krupali alikuwa anapanga viti nje ya chumba cha usaili, akarudi akaniambia Maulik ametoka anang'aa.

16 Oktoba, Jumatano

Ameipata. Jina lake liko ubaoni, wanampigia makofi.

Nimemngoja ngazini, pale pale aliponishika bega. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasema moja tu: Hansaben. Jina hilo nilimtajia nilipomfundisha, akajua. Alikaa kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana slaidi.

Hakukana. Alisema simu ilipopigwa baba yake alikuwa amekaa sebuleni akikamua maji kutoka kwenye sari za harusi za watu, na walipotaja jina langu mdomo wake ukasema wenyewe. Nikamwambia mdomo hausemi wenyewe wiki mbili baadaye, ngazini, na mkono juu ya bega.

"Wewe ungepata kazi popote," akasema. "Mimi kila mlango umenikataa. Ungeingia kile chumba mbele yangu nisingepata hata dakika. Na sikukuacha mikono mitupu, dada. Bima nilikutafutia kwanza. Nilihakikisha umepata."

Hilo ndilo lililonimaliza. Nilidhani nilichaguliwa, kumbe nilihifadhiwa mahali, kama ndoo inayosogezwa pembeni watu wapite. Nikamuuliza kwa nini alikubali nimfundishe. Akasema ningemshuku kama angekataa. Nilimtazama mkononi. Uzi ameukata, wengi huukata siku ya Dussehra, hakuna la ajabu. Nikapanda juu, nikaitoa saa ya kuku ukutani nikaifunika.

18 Oktoba, Ijumaa

Mama amepiga simu mapema, sauti imejaa sukari. Hansaben kapita nyumbani kumpongeza. "Kaniambia, 'Kokilaben, hukutuambia una mwana.'" Kumbe mbele ya wale wakubwa Maulik alisema yeye ni mtoto wa kituo cha maziwa. Alisema mama yake ni mwanachama namba mia mbili kumi na saba. Alisimulia siku ya mashine mbovu, jinsi mama alivyogoma kuondoka, na mmoja wa wakubwa akafuta macho.

"Kaniita mama yake, Nirali. Mbele ya watu wote wale. Basi wewe hukuingia lakini mmoja wa wanangu kaingia."

Nilikuwa na neno mdomoni. Nilimsikia anavyopumua kwa furaha nikalimeza. Aliniibia kazi, nikadhani amemaliza. Sikujua kama kuna mtu anaweza kuiba hata mama.

25 Oktoba

Mtihani wa kati. Swali la tatu: maadili katika biashara. Nimejaza kurasa.

31 Oktoba, Diwali

Tumewasha taa, tumekaanga vitumbua vya nazi na unga. Baba kapiga kutoka Muscat. Mama kaniambia amemwalika Maulik aje Jumapili, siku ya Beej, ambapo kaka huja kula kwa dada yake. Amekubali. Angekataa angelazimika kusema kwa nini. Mama anakamua maji kwenye mtindi wa kutengenezea shrikhand, kitamu cha sikukuu; ameufunga kitambaani na kuuning'iniza dirishani, unadondoka tone moja moja.

2 Novemba, mwaka mpya wa kwetu

Heri ya mwaka mpya, majirani wote wamekuja, wote wameuliza habari za kaka yangu.

3 Novemba, Jumapili, Bhai Beej

Amekuja na basi la asubuhi, amebeba sari ya mama na sanduku dogo langu. Ameketi kwenye kiti chenye mto. Mama kamletea sahani mwenyewe: puri za kukaanga, shrikhand, viazi, na ile achari ya embe ambayo mimi hupewa kwa kuhesabiwa. Mimi nilimtia doa kwenye paji la uso kwa sababu mama alikuwa anatazama.

Mama alikuwa anamuuliza kama akija kikazi atakuwa anapita kwenye kituo chetu. Akasema ndiyo, Ma, wamempangia vijiji vya upande huu, atakagua maziwa. Mama akapiga makofi. Kisha ukafika wakati wa zawadi, akanisukumia sanduku.

Nikalirudisha. Nikasema, "Siku ya Beej dada ana haki ya kuomba. Mimi sitaki sanduku. Naomba umweleze mama. Kwa mdomo wako mwenyewe, nami sitaongeza neno."

Nilidhani atakimbia. Puri ilikuwa mkononi mwake, imekatika nusu. Aliitazama, akaiweka, na akaeleza. Sitaki kumdhulumu hata hapa: alieleza yote. Simu ya roshani, ngazi, bima, masomo niliyompa, na hadithi ya mashine aliyoisimulia kama yake. Alieleza kwa sauti ya chini, akitazama sahani. Nyuma ya nyumba nyati mmoja alikuwa analia, ana kiu.

Uso wa mama ulijifunga kidogo kidogo, kama mtu anayefunga duka, na mimi nikatamani nisingeomba. Alichukua kijiko akamwongeza shrikhand kwenye sahani.

"Maliza chakula," akasema. "Siku ya leo mtu hatoki kwangu na njaa."

Akala. Kila tonge nililiona likishuka. Alipomaliza akanawa, akainama kumgusa mama miguu kama afanyavyo siku zote, akasema, "Ma, nisamehe." Mama akarudi nyuma hatua moja, mkono wa Maulik ukagusa sakafu.

"Nilikuwa sina mwana, nikazoea," mama akasema. "Haya nayo nitayazoea. Lakini nisikilize. Ukija kituoni kukagua maziwa, mimi nitakuwa kwenye foleni na ndoo yangu. Usiniite Ma. Wewe namba yangu unaijua. Niite hiyo, kama wanavyoniita wenzako wa kampuni."

Maulik alisimama kidogo mlangoni akitafuta viatu vyake mahali ambapo vilikuwa mbele yake. Kisha akaenda. Sari ameiacha, na mama kaichukua akaiweka juu ya kabati bila kuifungua.

Nyati hawajui sikukuu. Tulikamua, mimi nyati mmoja na mama mmoja. Jioni nikabeba ndoo mpaka kituoni, nikaipanga kwenye foleni nyuma ya ndoo za wengine. Karani akaita mia mbili kumi na saba, na mama akaitika.